Simu imezeeka: niitengeneze au ninunue nyingine? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwenye simu ya miaka mitatu kwenda juu, Android au iPhone, ambayo inawaka na kupiga lakini imeanza kumchosha. Bei za Kariakoo (Dar es Salaam) na za Luthuli (Nairobi) hazikai mahali pamoja, kwa hiyo kila tarakimu ya pesa humu ni ya mfano wa hesabu. Msimamo wetu tuuseme mapema: simu nyingi zinazoachwa zina tatizo la betri au zimejaa, na yote mawili yanatibika kwa pesa ndogo. Isiyotibika ni simu ambayo mtengenezaji ameacha kuipa masasisho ya usalama, hasa ikiwa ndiyo unayofungulia benki.

Nikague nini kwanza kabla sijatoa hata shilingi?

Vitu vitatu, kwa mpangilio huu: tarehe ya sasisho la usalama, nafasi iliyobaki, hali ya betri.

Tarehe iko kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, ukibonyeza toleo la Android. Humo kuna mstari wa sasisho la usalama, nao unataja mwezi na mwaka. Kama mwezi huo umeshapita zaidi ya mwaka na ukitafuta sasisho jipya unaambiwa simu iko sawa, basi "iko sawa" hiyo maana yake hakuna kingine kinachokuja. Kwenye iPhone angalia Software Update ndani ya General. Nafasi utaiona kwenye Hifadhi. Ikiwa imebaki chini ya asilimia 10, shughulikia hilo kabla ya kulaumu kitu kingine chochote. Betri ina swali lake hapa chini.

Simu inayopata masasisho, itengeneze. Simu isiyopata, usiiwekee kioo cha bei kubwa. Anza kutenga pesa ya nyingine huku hii ikiendelea kukuhudumia.

Nitajuaje kama mbaya ni betri na si simu yenyewe?

Dalili ya wazi ni simu kuzimika ikiwa na asilimia 20 au 30, kisha ukichomeka chaja inawaka na kuonyesha ileile 20. Chaji ilikuwepo. Kilichotokea ni kwamba betri ikichakaa, ukinzani wake wa ndani hupanda. Ukifungua kamera, au ukipiga simu mahali penye mtandao hafifu, simu huvuta umeme mwingi kwa ghafla, volti inaporomoka, nayo inajizima ili isiharibike. Dalili nyingine ni asilimia kuruka, kwa mfano kutoka 54 hadi 41 kwa dakika mbili, na simu kujaa chaji upesi kuliko zamani kisha kuisha upesi vilevile.

Kwenye iPhone, tangu iOS 11.3 ya mwaka 2018, kuna Battery Health ndani ya mipangilio ya betri. Ikishuka chini ya asilimia 80, badilisha. Apple inasema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko kamili 500, na za iPhone 15 kuendelea mizunguko 1,000. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, si kila unapochomeka chaja: ukitumia 50 leo na 50 kesho, umemaliza mmoja. Anayemaliza chaji nzima kila siku hufika 500 kwa mwaka mmoja na miezi minne hivi.

Mwenye Samsung afungue programu ya Samsung Members, sehemu ya uchunguzi wa simu. Kwa Tecno, Infinix, Redmi na nyinginezo, weka programu ya AccuBattery na uiache ikusanye takwimu kwa siku kadhaa, ukichaji kutoka chini hadi juu. Kipimo cha chaji moja kinadanganya. Simu ya mAh 5,000 (mAh ni kipimo cha uwezo wa betri) ikionyesha 3,700 imebaki na asilimia 74.

Kabla hujahukumu, angalia pia orodha ya programu zinazokula chaji. Programu moja ya mkopo wa haraka inayosoma mahali ulipo mchana kutwa inaweza kuifanya betri nzima ionekane mbovu.

Kwa nini betri ya mwenzangu imedumu na yangu imekufa, wakati tulinunua pamoja?

Mara nyingi ni joto. Apple inashauri simu isikae mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 35, na simu iliyofungwa kwenye usukani wa bodaboda saa saba mchana, kioo kimeng'aa kwa mwanga wote, ramani imefunguliwa na chaja imechomekwa, inavuka hapo upesi. Ndivyo ilivyo pia kwa simu inayochajiwa chini ya mto, au inayochezeshwa gemu ikiwa kwenye chaja.

Tabia ya pili ni kukaa kwenye asilimia 100 usiku kucha kila siku. Samsung wana kikomo cha chaji katika mipangilio ya betri, na iPhone 15 kuendelea zinaweza kusimamia asilimia 80. Kiwashe kama unalala na chaja.

Kubadilisha betri kunafaa? Nini huharibika mikononi mwa fundi?

Kunafaa kama simu ina walau mwaka mmoja wa masasisho mbele yake na kioo ni kizima. Hakuna matengenezo mengine yanayorudisha uhai mwingi hivi kwa pesa kidogo. Lakini kazi ni ya ndani kuliko wengi wanavyodhani, kwa hiyo jua kinachofanyika.

Simu nyingi za sasa mgongo umebandikwa kwa gundi. Fundi huupasha moto gundi ilainike, huingiza kadi nyembamba ya plastiki pembeni na kuizungusha taratibu. Hatari ya kwanza iko hapo: kwenye simu yenye alama ya kidole mgongoni, kuna mkanda mwembamba unaounganisha mgongo na bodi. Akiufungua kwa pupa, mkanda unakatika na alama ya kidole inakufa. Baada ya hapo anapaswa kuchomoa kiunganishi cha betri kabla ya kugusa kingine chochote. Hatari ya pili ni betri yenyewe, ambayo nayo imebandikwa. Fundi mzuri huvuta ukanda wake au hudondosha spiriti kidogo kulainisha gundi, kisha hutumia plastiki. Ukimwona anaibandua kwa bisibisi ya chuma, mwambie asimame. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka papo hapo mezani.

Kuhusu betri mpya, angalia tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa juu yake. Betri huzeeka hata ikiwa dukani. Ya modeli ya 2019 inayouzwa kuwa "mpya" inaweza kuwa imekaa rafu miaka minne. Pili, ikiwa ya zamani imeandikwa mAh 4,000 na mpya yenye ukubwa uleule imeandikwa 6,000, huo ni uongo wa kibandiko. Ishike mkononi: kopi nyingi ni nyepesi kuliko ile iliyotoka. Kwa iPhone XS na XR kuendelea, betri isiyotambuliwa na Apple huleta ujumbe kwenye mipangilio na asilimia ya afya inaweza isionekane; simu inafanya kazi, ila ukija kuiuza mnunuzi ataona.

Kabla hujaondoka kibandani, chaji dakika 15 au 20, jaribu alama ya kidole, tazama kama kamera haina vumbi ndani na kama kioo au mgongo haujainuka. Gundi aina ya B-7000 huhitaji takriban siku nzima kushika barabara, kwa hiyo usiikalie. Na tangu siku hiyo hesabu kwamba kinga ya maji haipo tena, hata boksi likisema IP68.

Betri imevimba na kioo kimeinuka. Naweza kuitumia mpaka mwisho wa mwezi?

Hapana. Izime, usiichaji, usiibonyeze kioo kirudi. Peleka kwa fundi leo.

Simu inaganda. Je, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni ndogo au hifadhi imejaa tu?

Anza na kujaa. Simu ya GB 32 hutoa sehemu kubwa ya nafasi hiyo kwa mfumo wenyewe. Kinachobaki humalizwa na makundi ya WhatsApp ya harusi, misiba na vikao. Hifadhi ikifika asilimia 90 na zaidi, simu hukosa mahali pa kuandikia vitu vya muda, na hapo hata kufungua kibodi huwa shughuli. Simu za bei ya chini zinaumia zaidi kwa sababu hifadhi yao ni ya aina ya eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko UFS iliyomo kwenye simu za daraja la kati na la juu.

Kwenye WhatsApp ingia mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, kisha usimamizi wa hifadhi. Utaona orodha ya makundi kwa ukubwa wake, na faili zinazozidi MB 5 zikiwa zimewekwa pamoja. Futa video kwanza. Kisha, sehemu hiyohiyo, zima upakuaji wa picha, sauti na video unaojiendesha wenyewe, la sivyo utarudi ulipokuwa baada ya wiki mbili. Telegram na TikTok nazo zina sehemu ya kusafisha akiba ya muda ndani ya mipangilio yake. Baada ya hayo zima simu na uiwashe.

Ukiwa na nafasi ya kutosha na bado ukitoka WhatsApp kwenda kivinjari na kurudi, WhatsApp inaanza upya kila mara, hapo ndipo RAM imekuwa ndogo. Kuanzia Android 13, Google iliweka GB 2 za RAM kuwa kiwango cha chini kabisa, na kwa matumizi ya leo GB 2 ni mateso. RAM haiongezwi. Hiyo ni sababu halali ya kubadilisha simu.

Kadi ya memori itasaidia?

Kwa picha, muziki na mawaidha ya sauti, ndiyo. Kwa programu, hapana. Utaifanya simu iwe nzito zaidi. Jihadhari na kadi ya "GB 512" kwa bei ya sahani ya chipsi kuku. Ndani mara nyingi ina GB chache tu, na ikijaa huandika juu ya vya zamani: majina ya picha unayaona, picha zenyewe hazifunguki. Ijaribu kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw kabla ya kuweka kitu cha maana.

Kufomati kunarudisha simu upya?

Kunasaidia simu iliyojaa takataka za miaka, hakusaidii betri wala RAM. Kabla ya kufomati hakikisha mambo manne: majina yako yamo kwenye akaunti ya Google na si kwenye simu, WhatsApp imehifadhiwa Google Drive (siku hizi hifadhi hiyo huhesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure, kwa hiyo kama zimejaa haitapanda), unaikumbuka nywila ya Google, kwa sababu tangu Android 5.1 simu iliyofomatiwa huuliza akaunti ya mwisho. Na programu ya namba za uthibitisho umeihamisha. Hiyo ya mwisho ndiyo huwaliza watu.

Pesa za M-Pesa, Airtel Money au Mixx hazipotei. Ziko kwenye mtandao, zimefungwa kwa namba yako. Programu tu ndiyo utaisajili upya.

Masasisho yana faida gani? Simu yangu imekaa miaka miwili bila sasisho na hakuna kilichotokea.

Sasisho la usalama huziba matundu ambayo tayari yanajulikana hadharani. Simu isiyozibwa inaendelea kupiga na kupokea kama kawaida, na ndiyo maana huoni tofauti hadi siku umebonyeza kiungo cha kitapeli.

Jambo la pili ni programu zenyewe kukukimbia. Kuanzia 1 Januari 2025 WhatsApp ilidai Android 5.0 au zaidi, na kuanzia 5 Mei 2025 ikadai iOS 15.1, hivyo iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikabaki nje. Chrome 138 ya mwaka 2025 ndiyo ya mwisho kwa Android 8 na 9; matoleo yaliyofuata yanataka Android 10. Ukiona programu ya benki inagoma kufunguka kwenye simu ya namna hiyo, usikubali fundi akuwekee toleo la zamani kutoka tovuti isiyojulikana. Hapo ndipo pesa huondoka.

Muda wa masasisho huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, si tangu uliponunua. Pixel 8 (Oktoba 2023) na Galaxy S24 (Januari 2024) ziliahidiwa miaka saba. Galaxy A15 iliahidiwa miaka mitano ya usalama. Galaxy S20 ya mwaka 2020 iliahidiwa minne, kwa hiyo hata ukiipata inang'aa kama jana, muda wake umekwisha. iPhone 11 ya mwaka 2019 ilipata iOS 26 mwaka 2025, ilhali XR na XS za 2018 ziliachwa. Simu nyingi za bei ya chini zina muda mfupi zaidi, na kama kampuni haikutamka idadi ya miaka, chukulia ni michache.

Ni kweli kampuni hupunguza kasi ya simu za zamani makusudi?

Kuna ukweli ndani yake, lakini si ule wa vijiweni. Mwishoni mwa 2017 Apple ilikiri kwamba iPhone zenye betri iliyochoka zilikuwa zinapunguziwa kasi ili zisijizime ghafla. Kosa lake kubwa lilikuwa kutosema. Mwaka 2018 ikashusha bei ya kubadilisha betri Marekani hadi dola 29, mwezi Oktoba mwaka huohuo mamlaka ya ushindani ya Italia ikaitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung milioni 5, na Februari 2020 Ufaransa ikaitoza Apple euro milioni 25.

Kwa mtumiaji, funzo liko kwenye betri: iPhone iliyopunguziwa kasi kwa sababu hiyo hurudi kasi yake ikiwekewa betri nzima. Toleo jipya la mfumo kuwa zito kwa prosesa ya zamani ni jambo jingine, na hilo halina dawa. Usihukumu siku ya kwanza baada ya sasisho kubwa. Simu hupanga upya faili zake kwa siku moja au mbili na huwa na joto na uzito usio wa kawaida.

Kioo kimepasuka na chaji inasumbua. Hesabu ya kutengeneza inakwendaje?

Uliza kwanza simu kama yako, ikiwa nzima, inauzwa ngapi ya mkononi, yaani iliyokwisha tumika. Matengenezo yote kwa pamoja yakizidi nusu ya bei hiyo, acha. Tuseme inauzwa 250,000. Betri ni 35,000 na kioo 110,000. Jumla 145,000, nusu ni 125,000. Umeshavuka. Kosa la wengi ni kutengeneza kwa mafungu: kioo mwezi huu, betri ujao, spika wa tatu. Kila fungu linaonekana dogo.

Kuhusu kioo, uliza ni cha juu tu kilichopasuka au na kile cha kuonyesha picha. Kama picha ni safi na mguso unafanya kazi pote, fundi mwenye mashine anaweza kubadilisha kioo cha juu peke yake. Kwa simu yenye alama ya kidole chini ya kioo, kioo cha kopi cha LCD kitaiua alama hiyo, kwa sababu mwanga wa kitambuzi haupiti.

Kuhusu chaji, usikubali kubadilishiwa tundu kabla halijasafishwa. Zima simu, mulika tundu kwa tochi, chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, usitumie sindano. Donge la pamba ya mfukoni lililoshindiliwa humo kwa miaka miwili linatosha kuzuia waya usiingie mpaka mwisho. Likisafishwa na bado haichaji, simu nyingi za Tecno, Infinix na Galaxy A zina bodi ndogo ya chaji inayobadilishwa peke yake kwa bei nafuu. Kama shida iko kwenye IC (chipu) ya chaji juu ya bodi kubwa, gharama hupanda na matokeo si ya uhakika.

Wakaao Tanga, Mombasa, Unguja na pwani yote waangalie pia kutu ya kijani kwenye meno ya tundu. Na simu iliyoanguka baharini, kila saa inayopita chumvi inakula bodi: izime, usiijaribu kuiwasha, ifike kwa fundi ikafunguliwe na kusafishwa. Mchele hausaidii. Upikwe.

Nabadilisha ili nipate 5G. Inafaa?

Kama hiyo ndiyo sababu pekee, subiri. Vodacom Tanzania na Safaricom zote zilizindua 5G mwaka 2022, lakini uliza kwanza kama inafika unapokaa na unapofanyia kazi. Kasi ndogo mara nyingine ni ya laini: laini ya miaka mingi iliyotolewa enzi za 3G huenda haishiki 4G mpaka uibadilishe kwenye duka la mtandao wako, na namba inabaki ileile. Fanya hivyo kabla hujanunua simu.

Ninunue mpya ya bei ya chini au ya mkononi ya daraja la juu?

Kwa pesa ileile, simu ya daraja la kati iliyotoka mwaka jana, ikiwa mpya dukani, huishinda ya bei ya chini iliyotoka mwezi huu. Hilo ndilo chaguo letu la kwanza. Ya mkononi ya daraja la juu inakupa kamera, kioo na kasi ambazo simu mpya ya bei ya chini haina, ila unanunua na betri iliyotumika na muda wa masasisho uliokwisha liwa. Weka bei ya betri mpya juu ya bei ya simu, kisha ondoa miaka iliyopita kwenye ahadi ya masasisho. Ikibaki chini ya miwili, achana nayo hata kama muuzaji ni shemeji.

Nikague nini kwenye simu ya mkononi iliyotumika?

Piga \*#06# uone IMEI (namba ya utambulisho wa simu), linganisha na ya kwenye boksi na risiti. Tanzania, tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 upate jibu la aina ya simu. Kenya ni 1555. Usipuuze hatua hii: Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu zote bandia mtandaoni, na waliokuwa nazo walibaki na kioo cha kujitazamia.

Kisha hakikisha simu haina akaunti ya mtu. Muuzaji aondoe Google au iCloud mbele yako, afomati, na simu iwake mpaka mwanzo bila kuuliza nywila ya zamani. "Nitakutumia nywila jioni" ni sababu ya kuondoka.

Weka laini yako mwenyewe upige simu. Utajua kama simu imefungwa kwa mtandao wa nje, na papo hapo unapima maiki, spika ya sikioni na kama kioo kinazimika ukiiweka sikioni. Kwenye iPhone, sehemu ya About ina mstari wa Carrier Lock. Unatakiwa usome No SIM restrictions. Mstari wa namba ya modeli nao unasema mengi: ikianza na M iliuzwa ikiwa mpya, F iliuzwa ikiwa imekarabatiwa na Apple, N ilitolewa kama mbadala. Ikiishia LL/A ni ya soko la Marekani, na huko kuanzia iPhone 14 hakuna tundu la laini, ni eSIM tupu (laini ya ndani isiyo na kadi). Nyingi hupita Dubai kabla ya kufika huku, na zilizouzwa kwa soko la Emirates zimewahi kuja bila FaceTime, huduma ya Apple ya kupiga simu za video.

Kwenye Samsung piga \*#0\*# upate ukurasa wa kupima rangi, mguso na vitambuzi. Kwenye simu nyingine, fungua picha nyeupe tupu mwanga ukiwa juu: tafuta madoa, mstari wa kijani, na kivuli cha kibodi kilichoungua kwenye kioo cha AMOLED. Shika ikoni moja uiburuze kioo kizima. Ikidondoka mahali palepale kila mara, mguso wa hapo umekufa. Mwisho ichaji kwa chaja yako dakika 10 huku ukirekodi video. Ikichemka au chaji ikishuka, rudisha. Na dai risiti ya EFD (mashine ya kodi). Ikija kuwa ya wizi, utahitaji kuonyesha ulipoipata.

Boksi limeandikwa "GB 16 RAM" na kamera nne. Ni kweli?

Soma herufi ndogo. "8+8" maana yake RAM halisi ni 8, na nyingine 8 imekopwa kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole mara nyingi zaidi. Hesabu namba ya kwanza tu. Kwa matumizi ya kawaida usishuke chini ya RAM GB 4 na hifadhi GB 128. Ukiweza, 6 au 8. Kamera za MP 2 zilizopangwa pembeni ni za kujaza nafasi mgongoni. Pesa yako iende kwenye RAM, hifadhi na miaka ya masasisho.

Simu ya mkopo wa kulipa kila siku ni nafuu?

Zidisha. Amana 50,000 na 1,500 kila siku kwa siku 365 ni 597,500. Kama dukani taslimu ni 380,000, unalipia uharaka 217,500. Kwa anayepata kipato kwa siku na simu ndiyo kazi yake, huenda inalipa. Jua tu kwamba simu hizi zina kufuli lililo ndani ya mfumo. Ukichelewa inajifunga, na kufomati hakuondoi. Kwa sababu hiyohiyo, ukinunua ya mkononi, uliza kama ilikopwa na kama deni limekwisha. Kufuli linaweza kuamka wiki tatu baada ya wewe kulipa.

Nikihama, vitu vyangu vitafuata?

Android kwenda Android, tumia hifadhi ya Google, au sehemu ya kuhamisha gumzo ndani ya WhatsApp: simu mpya inaonyesha msimbo, ya zamani inausoma, bila kula bando. Kwenda iPhone, tumia Move to iOS, na iPhone iwe mpya au imefomatiwa, vinginevyo WhatsApp haihami. Simu zote mbili ziwe kwenye chaja. Majina yaliyo kwenye laini yaingize Google kwanza. Usiifute simu ya zamani kwa walau wiki mbili. Kuna kitu utakikumbuka.

Ya zamani niifanye nini?

Ukiuza, ondoa akaunti kwanza kisha ndipo ufomati, la sivyo mnunuzi atakurudia. Isiyopata masasisho inaweza kuwa redio, kamera ya mlangoni au ya mtoto kusomea, bila laini yako na bila benki. Iliyokufa usiitupe kwenye takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba: betri ya lithiamu hulipuka motoni. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea vifaa vya umeme vilivyokufa. Kwingineko mpelekee fundi, atatoa kamera, spika na skrubu, nawe umwachie na betri.